Nyumba Isile Makombo ya Kazi

Tukichelewa kazini dakika 10, tunaanza kutafuta maneno ya kujitetea tukiwa bado kwenye daladala. Tukichelewa nyumbani saa 3, tunaingia tukiuliza chakula kiko wapi. Kazini tunamsikiliza mteja mkorofi mpaka amalize. Nyumbani mtoto anasimulia habari za shule, tunamwitikia "ee, ee" macho yakiwa kwenye simu. Mwenzi wetu wa ndoa anajibiwa kwa ukali ambao hakuna bosi aliyewahi kuusikia vinywani mwetu. Nyumba inakula makombo: nguvu zilizobaki, muda uliobaki, hata maneno yaliyobaki. Sisi tunasema hili ni jambo la imani, wala si la tabia tu.

Utetezi wetu unajulikana: tunahangaika kwa ajili yao hao hao. Ni kweli, na Maandiko hayaudharau utafutaji. 1 Timotheo 5:8 inamhesabu asiyewatunza watu wa nyumbani mwake kuwa ameikana imani. Lakini neno kutunza tumelifupisha, limekuwa ada, kodi na unga. Aliyelipa ada amelipa deni moja, kulea bado.

Utetezi wa pili ni muda. Basi na tuhesabu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 imeweka saa 45 za kawaida kwa wiki. Wiki ina saa 168. Toa hizo 45, toa 56 za kulala, zinabaki 67. Hata foleni ikila 15, bado tuna saa 52, nyingi kuliko za mwajiri. Kwa mama lishe anayewasha moto alfajiri, au dereva wa bodaboda anayedaiwa hesabu kila jioni, hesabu hii haifai, na hatuna neno la kumlaumu. Lakini wapo miongoni mwao wanaofika usiku wamechoka, na bado wanamwita mtoto wamuulize siku yake imekwendaje. Mwenye saa 52 anashindwa nini?

Wala tusidhani kazi takatifu inatusamehe. Eli alikuwa kuhani Shilo, na wanawe Hofni na Finehasi waliharibika wakiwa madhabahuni pale pale. Aliwakemea kwa maneno, hakuwazuia. Samweli, aliyempelekea Eli hukumu hiyo akiwa mtoto, alikua akawa mwamuzi wa kuzunguka Israeli. Wanawe Yoeli na Abiya wakala rushwa Beer-sheba, na wazee wakaitaja habari yao walipodai mfalme. Biblia haituelezi malezi ya Samweli yalikuwaje, nasi hatumhukumu. Tunachokiona ni kwamba utumishi wa mzazi haurithiwi kama shamba.

Daudi naye, katika 2 Samweli 6, alimaliza kulileta sanduku la Mungu na kuwabariki watu, kisha akarudi ili aibariki nyumba yake mwenyewe. Mikali hakumpokea vizuri. Hata hivyo, Daudi alirudi na baraka mkononi, baada ya siku kubwa kuliko siku yoyote ya ofisini.

Na Kanisa nalo lisikie. Jumatatu kamati, Jumatano kwaya, Ijumaa mkesha, Jumamosi kikao cha harusi, Jumapili ibada na mnada. Tunamsifu mzee wa kanisa asiyekosa kikao, bila kuuliza wanawe wamekula naye chakula cha jioni lini. Paulo, katika 1 Timotheo 3, anauliza hilo kabla ya kumkabidhi mtu kanisa: je, nyumba yake anaisimamiaje? Sisi wakati wa uchaguzi tunatazama michango na ufasaha, swali hilo tunaliruka.

Basi nyumba ipewe heshima tunayoipa kazi. Ahadi ya kumpeleka mtoto kliniki iandikwe pale tunapoandika vikao, na isivunjwe kirahisi kuliko kikao. Tukikosea, tuombe radhi kama tunavyomwomba mkuu wa kazi. Akina baba tuache kusema tunawasaidia wake zetu kazi za nyumbani. Hakuna mtu anayesaidia kwake. Akina mama wengi hutoka kazini wakaingia zamu ya pili jikoni, na usharika mzima tumezoea kuiita zamu hiyo upendo wao, kana kwamba upendo ni wa mmoja.

Kwa mabaraza ya wazee tuna ombi moja: kila wiki iwepo jioni isiyo na kikao, mazoezi wala mkesha, na itangazwe madhabahuni kama matangazo mengine. Ikipatikana, tusiimalizie kwenye simu. Tukae mezani na watu wetu, tuwasikilize mpaka wamalize, kama tunavyomsikiliza yule mteja mkorofi.