Baiskeli Haina Kesi ya Kujibu

Jirani yangu alinipa siku nne tangu nitoke hospitali, ndipo akaja na bei. Alileta pole na kichane cha ndizi, akaketi, akaitazama Phoenix yangu iliyoegemea ukuta wa jikoni, kisha akasema kwa sauti ya msibani: "Sasa hii si utaiuza tu, ndugu yangu? Maana wewe na baiskeli ndiyo basi tena." Bei aliyotaja ilikuwa ya chuma chakavu.

Simlaumu. Alikuwa anarudia maneno yanayosemwa kwenye kila kijiwe cha kahawa nilichowahi kukaa, Tabora hadi Tanga: baiskeli huleta ngiri, na aliyepasuliwa ngiri hapandi tena baiskeli. Ni imani mbili zinazouzwa kwa bei ya moja. Ya kwanza ni uzushi. Ya pili nayo ni uzushi, ila huu unaua watu.

Nianze na shtaka la kwanza. Mtoto wa kiume akiwa tumboni mwa mama yake, korodani huumbika juu, jirani na figo, kisha hushuka zikipita kwenye kinjia kilichopo kinenani. Kinjia hicho hutakiwa kujifunga. Kwa baadhi yetu hakijifungi sawasawa, au ukuta wa tumbo mahali pale hulegea kadiri umri unavyosonga, na siku moja kipande cha utumbo au mafuta ya tumboni huchungulia nje. Hiyo ndiyo ngiri ya kinena, ambayo wengi tunaiita mshipa. Ndiyo maana hutembea katika koo, baba akiwa nayo na mwana akaipata. Ndiyo maana pia wapo watoto wachanga, hasa waliozaliwa njiti, wanaopasuliwa ngiri kabla hawajajua kukaa. Hao waliendesha baiskeli gani?

Wazee wa kijiweni watakujibu kwamba wamewaona kwa macho yao wenye ngiri, na wote walikuwa wapanda baiskeli. Ni kweli waliwaona. Lakini katika mji kama Shinyanga, ambako baiskeli ndiyo teksi na ndiyo lori, ukimkamata mgonjwa yeyote wa kiume utakuta ana baiskeli au amewahi kuwa nayo. Kwa hesabu hiyo hiyo ugali nao unaleta ngiri, kwa sababu sijawahi kumwona mwenye ngiri asiyekula ugali. Ndugu zetu wa pwani walifanya hesabu ya aina hiyo kwenye busha, wakayatia hatiani madafu, ilhali mabusha mengi ya pwani yaliletwa na vijidudu vya matende vinavyosambazwa na mbu. (Na busha si ngiri. Busha ni maji yaliyojaa kwenye mfuko wa korodani. Nimechoka kulisema hili.)

Kinachousukuma ukuta wa tumbo ni shinikizo la ndani. Mwaka 2005 watafiti wa Marekani walichapisha vipimo vya shinikizo hilo kwa watu 20 wenye afya waliofanyishwa shughuli mbalimbali, na vilivyoongoza ni kukohoa na kuruka. Mvuta sigara anayekohoa kila alfajiri mpaka macho yanamtoka hajawahi kuambiwa auze kiberiti. Mwenye choo kigumu na mzee anayejikamua kwa sababu ya tezi dume hawatajwi kijiweni. Anayetajwa ni kijana aliyekaa juu ya tandiko, kwenye barabara tambarare, anakanyaga pedeli kwa nguvu za mapaja huku tumbo limetulia.

Nakubali jambo moja kabla sijarushiwa mawe. Anayepakia magunia mawili ya mkaa kwenye keria na kuusukuma mzigo huo mlimani, akikaza pumzi kila hatua, anaubana ukuta wa tumbo kwelikweli. Tafiti hazijakubaliana kama kunyanyua mizigo kwa miaka huzaa ngiri, lakini mwenye udhaifu pale kinenani hana sababu ya kuujaribu. Ila hapo kesi ni ya gunia. Magurudumu mawili hayahusiki, na mpagazi wa stendi asiyejua hata kupanda baiskeli yumo katika hatari ile ile.

Sasa hii imani ya pili, ambayo ndiyo iliyonifanya nishike kalamu.

Mjomba wangu alibeba mkaa kwa baiskeli zaidi ya miaka ishirini. Ngiri yake aliificha miaka tisa. Aliifunga kwa kipande cha kanga kuukuu, na kila jioni alijilaza chali akaisukuma irudi ndani. Tulipogundua tukamsihi aende akapasuliwe, akakataa. Tulidhani anaogopa kisu. Wala! Siku moja alinieleza mwenyewe: "Mjomba, kisu siogopi. Wakinipasua, baiskeli ndiyo kwaheri. Watoto watakula nini?" Baada ya hapo alinunua chupa tatu za dawa ya ngiri kwa mtu aliyeandika namba yake ya simu kwenye nguzo ya umeme. Tundu la kwenye nyama halizibwi na kitu cha kunywa, lakini fedha zilikwenda. Kisha, usiku mmoja wa masika, ngiri ikagoma kurudi. Utumbo ulikuwa umebanwa, damu haipiti, akawa anatapika. Tulimfikisha hospitali kulipokucha. Walimkata kipande cha utumbo kilichokwisha kuoza. Alipona, lakini kazi ambayo ingekuwa ya saa moja kwa sindano ya ganzi iligeuka kuwa wiki tatu wodini, na shamba likauzwa.

Mjomba hakuponzwa na baiskeli. Aliponzwa na neno "basi tena".

Neno hilo nalo lina asili yake, na haki itendeke: zamani halikuwa la kipuuzi. Edoardo Bassini, daktari wa Padua nchini Italia, alianza mwaka 1884 mtindo wa kushona tundu la ngiri kwa kuvuta nyama za pande mbili na kuzifunga pamoja. Ulikuwa ukombozi, lakini mshono uliovutwa una mkazo, na ngiri nyingi zilirudi. Madaktari waliogopa mshono usifumuke, wakawalaza wagonjwa kwa wiki kadhaa na kuwakataza kazi kwa miezi. Babu zetu walitoka hospitali na amri hizo, wakaturithisha.

Tangu hapo mengi yamebadilika. Edward Earle Shouldice, aliyefungua hospitali yake Toronto mwaka 1945, aliwaamuru wagonjwa wa ngiri watembee mara tu baada ya upasuaji, na wakapona vizuri kuliko waliolazwa. Katika miaka ya 1980 Irving Lichtenstein na wenzake wa Los Angeles wakaacha kabisa kuvuta nyama: walitandaza kiwavu juu ya tundu, nyama ikaota humo, mkazo ukaisha. Mtu akidhani hayo ni ya Wazungu wenye hela, atazame hapa jirani. Mwaka 2016 yalichapishwa matokeo ya utafiti wa wanaume 302 wa mashariki mwa Uganda. Nusu waliwekewa wavu wa kibiashara, nusu wavu wa bei nafuu uliotokana na kitambaa cha chandarua na kusafishwa kitaalamu. Baada ya mwaka mmoja, ngiri ilikuwa imemrudia mtu mmoja tu wa kundi la chandarua, na hapakuwa na tofauti ya maana kati ya makundi hayo mawili.

Mwongozo wa kimataifa wa wapasuaji wa ngiri, wa mwaka 2018, unamtaka mgonjwa arudie shughuli zake za kawaida mara anapojisikia anaweza. Hausemi miezi sita wala "basi tena".

Nieleze yangu, kwa kuwa nilikuwa kielelezo mahakamani. Kabla ya upasuaji niliendesha baiskeli hadi wiki ile ile, maana ngiri yangu ilikuwa ndogo, ilirudi yenyewe nikilala, na daktari aliridhia. Niliacha kubeba mzigo tu. Siku ya upasuaji nilitembea jioni, nimejikunja kama bibi harusi. Siku ya kumi nilijaribu Phoenix, na kilichonishinda ni kuupitisha mguu juu ya lile bomba. Nikaazima baiskeli ya kike ya binti yangu, ile isiyo na bomba, vijana wa bodaboda wakacheka hadi wakashika matangi. Nilizunguka mtaa nikiwa nimekaa, bila kusimama kwenye pedeli. Matuta ya barabarani ndiyo yaliyonikumbusha kwamba nina kidonda. Wiki ya tatu nilirudi kwenye yangu. Gunia la kwanza nilipakia wiki ya saba, nusu gunia, kwa kuwa daktari aliniambia nisubiri sita.

Ratiba hiyo ni yangu, si sheria. Aliyeshonwa bila wavu, au aliyekatwa utumbo kama mjomba, atapewa muda mrefu zaidi na aufuate. Kipimo nilichopewa ni kimoja: kama huwezi kufunga breki ghafla na kutua mguu chini bila kuugulia kidonda, bado. Na yeyote ambaye ngiri yake imegoma kurudi, imekuwa ngumu, inauma na anatapika, huyo asitafute baiskeli wala mganga. Atafute gari, aende hospitali saa hiyo hiyo.

Nina ombi kwa madaktari na wauguzi. Kwenye karatasi ya kuruhusiwa mnaandika "apumzike, asifanye kazi ngumu," halafu mnamwita mwingine. Mwenye kuishi kwa keria husoma hapo hukumu ya kifungo cha maisha. Andikeni siku ngapi atatembea, wiki ngapi atapanda baiskeli, wiki ngapi atabeba mzigo, na mzigo wa kilo ngapi. Nanyi wagonjwa, msitoke kwenye chumba cha daktari kabla ya kuzipata tarakimu hizo. Ulizeni pia kama mmewekewa wavu.

Jirani yangu bado ananipitia, na kila akipita huitupia jicho Phoenix. Haiuzwi.