Salio Kwanza, Mbuzi Baadaye

Mbuzi akishapakiwa kwenye lori pale Garsen na lori likashika njia ya Malindi, kumrudisha ni kazi ngumu. Ndiyo maana tunasema wazi: mesej si pesa.

Wakora wanajua soko lina haraka. Wanakutumia ujumbe unaofanana na wetu, wenye jina na kiasi, lakini mara nyingi umetoka kwa namba ya kawaida ya simu. Salio lako halijaongezeka hata shilingi. Wengine hupiga: "Samahani mzee, nimekosea namba, nirudishie." Ukirudisha, unatoa pesa zako mwenyewe. Aliyekosea kweli apigie huduma kwa wateja.

Kuna wanaoona ni kumvunjia mnunuzi heshima kumsubirisha huku wakiangalia salio. Sisi tunaona kinyume. Mnunuzi wa kweli atangoja dakika mbili. Anayekukimbiza ana sababu yake. Hata mtandao ukisumbua, mbuzi abaki kwako kwanza.

Na namba ya siri usimpe yeyote, hata akisema anatoka kwetu. Sisi hatuiulizi kamwe.