Mpe Mtoto Spana, Tochi Ataishika Mwingine

Injini ya gari la zamani huaga mapema, ila wenyewe hatusikii. Huanza kwa kula oili kidogo, mwenye gari akawa anaongeza. Kisha ikawa inachemsha kila ikipanda mlima, naye akazoea kutembea na dumu la maji nyuma ya kiti. Asubuhi moja inakataa kuwaka. Fundi akifungua kifuniko cha oili anakuta uji wa rangi ya maziwa, maana yake maji na oili vimeshakutana humo ndani.

Hapo kila mtu ana ushauri wake: uza lilivyo, peleka gereji, nunua lingine. Ushauri ambao hautolewi mara nyingi ni huu: kama nyumba ina kijana wa miaka 14 na kuendelea, injini ishushwe hapo hapo uani, na kijana awe mmoja wa wanaoishusha. Mzazi asiyejua kazi amlipe fundi aje asimamie.

Wapo watakaosema hilo wameshalifanya. Ukiwadadisi, utagundua mtoto alishika tochi. Alisimama tangu asubuhi akimulika, akikemewa "hapa bwana, siyo huko!", na jioni alikuwa na bega linalouma bila kujua kilichofunguliwa ni nini. Huko si kufundishwa. Ni kutumiwa kama nguzo ya taa.

Jambo hili halikuanza leo. Soichiro Honda, ambaye jina lake limebandikwa kwenye pikipiki na jenereta za dunia nzima, aliondoka kwao mwaka 1922 akiwa na miaka 15 kwenda kujifunza ufundi kwenye gereji ya Art Shokai jijini Tokyo. Miezi ya mwanzo kazi yake ilikuwa kufagia na kubembeleza mtoto mchanga wa mwenye gereji. Alianza kuwa fundi siku alipoitwa chini ya gari. Kufikia mwaka 1928 alikuwa amekabidhiwa tawi la gereji hiyo mjini Hamamatsu.

Tuchukue gari ambalo wengi tunalifahamu, Toyota Hilux ya mwanzoni mwa miaka ya 1990 yenye injini ya dizeli ya 2L. Ni injini mvumilivu, ila ikichemshwa sana hedi yake hupasuka. Kwa kuwa 3L na 5L ni ndugu zake wa ukoo mmoja, mara nyingi maunti na matundu ya kufungia gia boksi yanaoana, ndiyo maana mafundi wengi humshauri mwenye 2L iliyokufa apande huko. Sasa kijana wa kidato cha pili aliyekaririshwa ujazo wa mcheduara apewe vipimo. Kipenyo cha silinda ya 2L ni milimita 92, na pistoni husafiri milimita 92. Akokotoe, azidishe kwa silinda nne, atapata sentimita za ujazo 2,446. Ya 5L ina kipenyo cha milimita 99.5 na mwendo wa milimita 96, atapata 2,986. Zile namba 2.4 na 3.0 zinazobandikwa nyuma ya gari zimepata maelezo, na hakuna aliyetamka neno "hesabu".

Kazi ya kwanza ya kweli anayofaa kukabidhiwa ni waya na mipira. Betri ikishatolewa na maji na oili kumwagwa, kila waya unaochomolewa ubandikwe karatasi yenye namba, na kila mpira upigwe picha kwa simu kabla haujaguswa. Bolti za altaneta zikae kwenye kopo lake, za stata kwenye lake. Kazi hii ni ya kijana peke yake, na baba asiipitie nyuma kuirekebisha. Akichanganya, gari halitawaka, na atakayetafuta kosa ni yeye. Simu anayogombezwa kila siku kwa kuishika, kwa mara moja itakuwa ndicho kifaa muhimu kuliko vyote uani.

Kazi ya pili ni nzito zaidi, nayo ni taimingi. Injini ya mtumba itakayochukua nafasi ya ile iliyokufa ikiwa bado chini, mkanda wa taimingi ubadilishwe, kwa sababu hakuna anayejua ule uliomo umetembea kilomita ngapi, na kwenye injini za ukoo huu ukikatika, valvu na pistoni hugongana. Kijana apange alama mwenyewe, ya krenki na ya kemshafti, avalishe mkanda, akaze. Kisha achukue spana, aizungushe krenki kwa mkono mizunguko miwili kamili, taratibu. Krenki ikizunguka mara mbili, kemshafti huzunguka mara moja, kwa hiyo alama zote zinapaswa kurudi pale pale zilipoanzia. Zikirudi, amefaulu. Akikutana na kitu kigumu katikati ya mzunguko, asilazimishe; afungue aanze upya. Shuleni angesubiri wiki mbili ndipo aone alama ya vema au ya kosa. Hapa jibu analipata kiganjani.

Wakati huo huo zibadilishwe oili sili ya nyuma, sahani ya klachi na beringi yake, na pampu ya maji. Vitatu vya kwanza vikishafichwa na gia boksi, kuvifikia tena ni kushusha upya.

Hatari zipo, na mzazi anayezifanyia mzaha hafai kuianza kazi hii. Injini ya aina hii si chini ya kilo 150. Mnyororo wa kuinulia ufungwe kwenye kitu kilichothibitishwa kubeba, siyo tawi la mwembe linaloonekana nene. Mtu asipite chini ya injini inayoning'inia hata kwa sekunde, na gari lisikalie jeki peke yake. Ndala zibaki mlangoni. Siku ya kuiwasha, hewa itatolewa kwa pampu ndogo ya mkono iliyo juu ya chujio la dizeli, kazi ambayo kijana anaiweza bila shida. Kulegeza nati za nozeli injini ikizungushwa ni kazi ya mtu mzima, kwani dizeli inayotoka kwa shinikizo hutoboa ngozi.

Wapo wanaopinga kwa hoja ya fedha, na hawajakosea sana. Fundi mzoefu huimaliza kazi hii kwa siku chache. Familia itachukua Jumamosi nyingi, itavunja bolti iliyooza kwa kutu, na pengine itaishia kumwita fundi yule yule. Anayetaka kuokoa muda aende gereji bila kuona haya. Faida iliyopo ni nyingine. Kuna mambo ambayo kijana wa miaka 15 hamwambii mzazi mezani, lakini atayasema akiwa amelala chini ya gari, anatazama bolti, baba au mama akiwa upande wa pili, macho yao hayakutani.

Pingamizi lenye mizizi zaidi ni lile la hadhi: "Mwanangu namsomesha awe mtu, siyo fundi gereji." Kwa miaka mingi tumeifanya gereji iwe mahali pa kumpeleka aliyefeli. Matokeo yake kijana wa familia isiyo na kitu anajifunza injini kwa kulazimika, na wa familia yenye gari anafika chuo kikuu hajui kupima oili. Hata serikali ya Tanzania imeona kasoro hiyo. Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014, toleo la 2023, imeleta mkondo wa amali kidato cha kwanza, na shule za mwanzo ziliuanza Januari 2024. VETA nayo huwapima na kuwapa vyeti mafundi waliojifunzia mtaani. Nyumbani ndiko tumebaki nyuma.

Na anaposemwa "kijana", anasemwa pia binti. Hakuna bolti kwenye Hilux inayouliza imeshikwa na nani, na zilizokaza kweli kweli hata akina baba huzifungua kwa kuongeza bomba refu kwenye spana.

Ununuzi wenyewe uwe sehemu ya somo. Kijana aende Gerezani au Ilala, Dar es Salaam, kutafuta injini, kama wenzake wa Nairobi wangekwenda Kirinyaga Road, asikie "hii ni ya Japani, haijaguswa" ikisemwa kuhusu injini iliyopakwa rangi mpya jana. Ajifunze kuchomoa kijiti cha oili, kuangalia kama kuna uji, kuizungusha kwa mkono, kudai risiti yenye namba ya injini. Namba hiyo ina uzito. Kadi ya gari ya Tanzania ina namba ya chesisi na ya injini, na injini ikibadilishwa TRA wanapaswa kupewa taarifa ili kadi irekebishwe. Asiye na risiti atapata taabu kueleza kwamba injini aliyoivisha gari lake haikuibwa kwingine.

Inabaki ile iliyokufa. Kabla mpya haijapandishwa, ifunguliwe, kijana atafute kilichoiua: hedi iliyopasuka, gasketi iliyoungua, au hakuna kati ya hayo bali redieta iliyoziba na kuacha joto lipande. Redieta hiyo ikirudishwa ilivyo, injini mpya itakufa kwa ugonjwa ule ule. Uchunguzi ukiisha, wanunuzi wa vyuma chakavu watakuja na mizani yao. Wapewe betri na redieta mbovu. Injini yenyewe, ikiwa imefunguliwa na pistoni zinaonekana, ipakiwe kwenye kirikuu na kupelekwa shule ya sekondari ya jirani yenye mkondo wa amali, pamoja na makopo ya bolti na karatasi zenye namba alizoandika kijana.