Tangi la samaki sebuleni: Faida iko kwenye kabati, si kwenye samaki

Mafundi seremala wa Kibaha na Kisarawe, kama wenzao wa kwingineko, wamezoea kupanga bei kwa macho. Mteja huleta picha, fundi hutazama urefu na idadi ya milango, kisha hutaja kiasi na mapatano huanza. Kwa kabati la vyombo au meza ya televisheni utaratibu huo haujamfilisi mtu. Kwa kabati la kubebea tangi kubwa la samaki wa mapambo, utaratibu huo huo unaweza kumla fundi mtaji wote kwa usiku mmoja.

Wengi wanaoitazama biashara hii kutoka nje hudhani fedha iko kwa muuza samaki. Samaki huuzwa mara moja, na akifa njiani hasara ni ya aliyemsafirisha. Anayebaki na kazi ya kudumu ni aliyetengeneza kabati, akalisimamisha tangi, na akarudi kila mwezi kulihudumia. Ndiye pia anayebeba lawama maji yakimwagika sebuleni. Kwa hiyo hesabu ya bei ianzie kwenye uzito, si kwenye vanishi.

Chukua tangi la urefu wa sentimita 180, upana 60 na kina 60. Likijaa hadi juu lina lita 648, na lita moja ya maji ni kilo moja. Hapo hakuna mapatano. Kioo cha milimita 12 kwa pande zake nne na chini ni kilo 119 hivi. Weka mchanga na mawe ya kilo 80, na kabati lenyewe la kilo 70. Jumla ni zaidi ya kilo 900, sawa na magunia tisa ya mahindi ya kilo mia mia, yaliyopangwa juu ya eneo dogo kuliko kitanda cha futi tatu na nusu, tena yakae hapo miaka bila kusogezwa.

Sakafu ya ghorofa katika nyumba ya makazi kwa kawaida hukadiriwa kubeba kilo 150 hadi 200 kwa kila mita ya mraba. Tangi hili linadai zaidi ya 800. Mteja anayelitaka ghorofani apelekwe kwanza kwa mhandisi wa majengo, na gharama ya mhandisi iandikwe wazi kwenye makisio. Kwa nyumba ya chini, ambazo ndizo nyingi Kibaha na Kisarawe, tatizo ni jingine. Sakafu nyingi zimemwagwa juu ya kifusi ambacho hakikushindiliwa vizuri. Sakafu ya namna hiyo hustahimili makochi bila shida, lakini chini ya karibu tani moja huanza kutitia upande mmoja, na kioo hakina subira na mambo hayo. Fundi mwenye busara huigonga sakafu, hutafuta nyufa, na huweka pima maji kabla ya kutaja bei yoyote.

Kuhusu kabati lenyewe, kosa linalogharimu zaidi ni kulijenga kama kabati la jikoni. Kabati la jikoni hubebwa na skrubu na kuta zake nyembamba. Kabati la tangi linatakiwa liwe na fremu ambayo ubao hukalia ubao: nguzo zisimame wima chini ya kila pembe na nyingine katikati, boya la juu lilale juu ya nguzo, na skrubu zifanye kazi ya kushikilia tu, si kubeba. Milango, droo na mapambo huvalishwa baadaye. Juu huwekwa plaiwudi ya milimita 18, kisha shiti ya ile foma nyeupe ngumu inayofungiwa televisheni, ndipo tangi. Foma hiyo ya bei ndogo humeza vijinundu vya mbao ambavyo vingekipasua kioo cha chini.

MDF na mbao za maganda ya kukandamizwa ziwekwe mbali na kazi hii, au zibaki kwenye milango peke yake zikiwa zimezibwa vizuri kingo zote. Zikionja maji huvimba na hazirudi. Mninga, mkongo na mtiki hustahimili unyevu na mchwa, na mchwa wa Pwani si wa kudharauliwa. Mbao za misonobari kutoka Sao Hill zinafaa kwa fremu zikiwa zimetiwa dawa na kukauka sawasawa. Ubao mbichi ukifungwa leo, ukikauka baada ya miezi mitatu unapinda, na tangi linapinda nao.

Kwa wafanyabiashara wa Kisarawe kuna jambo la ziada. Misitu ya Pugu na Kazimzumbwi iko mlangoni mwao, na kwa miaka mingi imeliwa na mkaa na misumeno. Ni misitu iliyohifadhiwa. Ubao wa bei poa usio na alama ya nyundo ya wakala wa misitu, TFS, wala hati ya kusafirishia, si unafuu. Ukikamatwa barabarani, fundi hupoteza ubao, muda na malipo ya awali ya mteja ambayo tayari yamekwisha kutumika.

Upande wa ushindani, hali si mbaya kwa mtengenezaji wa ndani. Tangu Julai 2022 nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki ziliweka samani miongoni mwa bidhaa za kundi la ushuru wa forodha wa asilimia 35. Kabati la nje linalokuja limekamilika linaingia na mzigo huo, mbali na nauli ya kontena. Vioo navyo vimesogea karibu: Septemba 2023 ulizinduliwa mkoani humo humo kiwanda cha vioo cha Sapphire, Mkuranga, wilaya inayopakana na Kisarawe. Mnunuzi asiulize bei ya shiti tu. Aulize unene, akague kingo kama zimesagwa, na akatae kioo chenye mkwaruzo hata mdogo, kwa kuwa mpasuko huanzia hapo.

Silikoni ndiyo inayoshikilia kila kitu, na ndiyo inayonunuliwa kwa uzembe. Ile ya bafuni na jikoni mara nyingi imetiwa dawa ya kuzuia ukungu, na dawa hiyo huua samaki. Inatakiwa silikoni isiyo na dawa, na kazi ikiisha iachwe ikauke wiki nzima au zaidi. Kisha tangi lijazwe maji karakanani, juu ya kabati lake, likae siku kadhaa huku karatasi kavu ikiwa imetandikwa chini. Karakana isiyo na nafasi ya jaribio hilo isichukue oda. Hapa ndipo mafundi wengi hubanwa na mteja mwenye haraka ya sherehe ya Jumamosi, na ni afadhali kumpoteza mteja huyo.

Sasa umeme, ambao wauzaji hawapendi kuuzungumzia. Pampu ya kuchujia na ya hewa kwa pamoja zikitumia wati 50 mchana na usiku, na taa za wati 60 zikiwaka saa nane, tangi linakula uniti 1.68 kwa siku, yaani takriban uniti 50 kwa mwezi. Kiasi hicho kinaonekana kidogo. Lakini kwa bei zilizoidhinishwa na EWURA mwaka 2016, mteja mdogo wa kundi la D1 hulipa shilingi 100 kwa kila uniti ndani ya uniti 75 za mwezi, na anayezidisha mara kwa mara huhamishiwa kundi la T1, ambako kila uniti, tangu ile ya kwanza, ni shilingi 292. Kodi na tozo ni juu ya hapo.

Nyumba iliyokuwa ikitumia uniti 60 ilikuwa inalipa shilingi 6,000. Ikiongeza tangi inafika uniti 110, inatoka D1, na inalipa shilingi 32,120. Tangi halijafikia hata nusu ya umeme wa nyumba, lakini limezidisha malipo zaidi ya mara tano. Kwa mwaka tofauti ni shilingi 313,440. Mteja ambaye hakuambiwa hili siku ya kuagiza atazima pampu usiku ili abane matumizi, samaki watakufa, na lawama zitamwendea fundi. Muuzaji mwaminifu huiweka hesabu hii mezani mapema, na humpa mteja chaguo la paneli ndogo ya sola na betri kwa ajili ya pampu ya hewa.

Betri hiyo ina kazi nyingine. Mgawo wa umeme wa mwishoni mwa 2023 na mwanzoni mwa 2024 umepita, na Bwawa la Julius Nyerere lenye uwezo wa megawati 2,115 limebadili hali ya uzalishaji. Nguzo ikianguka mtaani, hata hivyo, megawati hizo hazifiki sebuleni. Saa chache bila mzunguko wa maji zinatosha kumaliza hewa, hasa kwenye tangi lililojaa samaki, kwa kuwa maji ya moto hubeba hewa kidogo kuliko ya baridi. Joto ndilo tatizo la ukanda huu kati ya Desemba na Machi. Anayemuuzia mteja wa Kibaha hita ya tangi, kwa kuwa tu imo kwenye orodha ya vifaa ya kitabu cha Ulaya, anamuuzia blanketi saa sita mchana. Kinachohitajika ni feni ndogo inayopuliza juu ya maji na kifuniko chenye nafasi ya kupumua.

Maji ya Kibaha hutoka mtambo wa Ruvu Juu ulioko Mlandizi. Kisarawe ilihangaika na ukame wa mabomba kwa miaka mingi hadi mradi wa kutoka Kibamba ulipozinduliwa mwaka 2020. Maji ya bomba yana klorini, hivyo yawekwe wazi kwenye simtanki siku nzima au zaidi kabla ya kuingia kwenye tangi. Kubadilisha sehemu ya tano kila wiki ni lita 130, yaani madumu sita na nusu ya lita 20. Mteja anayenunua maji kwa dumu ahesabu hilo, na akumbuke Oktoba 2022, kina cha Ruvu kiliposhuka na DAWASA ikatangaza mgawo. Maji yanayotolewa hayamwagwi hovyo; yana mbolea, na bustani ya mchicha huyapenda.

Kuhusu samaki, wanunuzi wengi hukimbilia samaki wa dhahabu wa kutoka Asia. Tanzania ina Ziwa Tanganyika, lenye spishi zaidi ya 200 za jamii ya sikilidi ambazo karibu zote hazipatikani kwingine duniani, na ambazo wapenzi wa akwariamu wa Ulaya, Marekani na Japani wamekuwa wakizinunua kwa miongo mingi. Wanataka maji magumu yenye chokaa, hivyo mchanga wa matumbawe yaliyosagwa au changarawe ya chokaa ndani ya tangi si pambo tu. Anayewatoa Kigoma awe na kibali cha Idara ya Uvuvi. Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003 haimsamehi mtu kwa sababu samaki wake ni wa urembo.

Karibu zaidi kuna jambo ambalo wafanyabiashara wa Kibaha hawajalipa uzito. Kwenye madimbwi ya msimu ya bonde la Ruvu wanaishi samaki wadogo wa jenasi ya Nothobranchius, madume yao yakiwa na rangi nyekundu na buluu zinazong'aa. Dimbwi likikauka samaki wote hufa, lakini mayai hubaki hai ndani ya tope kavu hadi mvua irudi. Mmoja wao, Nothobranchius foerschi, aliandikwa na wataalamu mwaka 1979, na wafugaji wa Ulaya wanao wa ukoo wa Soga, jina la mahali ambapo leo treni ya SGR inasimama. Mayai yake husafiri kwa posta ndani ya mfuko wa plastiki wenye tope nyevu. Wakati huo huo mwenye nyumba wa Soga anaagiza samaki wa kigeni kwa ndege. Samaki hao wadogo hawafai kuchanganywa na wakubwa ndani ya tangi la lita 648, lakini kabati linaloagizwa maalumu linaweza kuachiwa nafasi ya kijitangi cha lita 40 upande mmoja. Hilo ni jambo ambalo kabati la dukani haliwezi kulitoa.

Mwisho ni malipo. Utaratibu wa nusu mwanzo na nusu siku ya kukabidhi haufai hapa, kwa sababu vioo, mbao na pampu hununuliwa zote kabla ya mteja kuona kitu. Mafungu manne yanamlinda kila mmoja: la vifaa, la fremu ikikamilika, la jaribio la maji karakanani mbele ya mteja, na la mwisho wiki nne baada ya kusimamishwa nyumbani. Mkataba useme nani anawajibika sakafu ikititia, na kwamba dhamana ya fundi inakoma mteja akilisogeza tangi likiwa na maji. Huduma ya kila mwezi iandikiwe bei yake peke yake, isifichwe ndani ya bei ya kabati. Karakana yenye wateja kumi wa huduma kati ya Maili Moja na Mlandizi ina kipato kinachoingia hata mwezi ambao hakuna aliyeagiza mlango wala kitanda.