Kula kulala wa Tunduma: Shida siyo kuishi kwenu, shida unaishi pale kama nani

Hakuna neno linalomuuma mhitimu wa chuo kama kuitwa "kula kulala". Na kama kuna mji ambao neno hilo linauma mara mbili, basi ni Tunduma.

Sababu mnaijua. Tunduma ni mji wa hela. Malori ya kwenda Zambia na Kongo yanapita usiku na mchana, kwacha na shilingi zinabadilishwa barabarani kama mtu ananunua karanga, na ukipiga hatua chache tu uko Nakonde. Watu wanahamia kutafuta maisha: sensa ya 2012 iliukuta mji una watu wasiofika laki moja, ile ya 2022 ikakuta wamepita laki mbili. Sasa kwenye mji huo huo, jamaa uliyesoma naye sekondari akaishia kidato cha nne ana bodaboda yake, kapanga chumba na sebule, ana mke na mtoto. Wewe mwenye digrii, miaka 26, bado unaitwa na mama uje unywe chai kabla haijapoa. Ukipita mtaani unayasikia kabisa macho ya watu mgongoni.

Wadau, leo tuliongee hili bila kuchekana. Msimamo wangu nauweka mezani mapema: kukaa kwa wazazi baada ya chuo siyo aibu. Kinachowaharibu watu ni kukaa bila makubaliano. Mzazi hajui unangoja nini, na wewe hujui pale ndani wewe ni nani: mtoto, mgeni, au mtu mzima mwenzao.

Tuanze na hesabu, maana kuna watu wanadhani vijana wamerudi nyumbani kwa uvivu. Mwaka 2025 Mamlaka ya Mapato, yaani TRA, ilitangaza nafasi 1,596. Walioomba walikuwa 135,027. Gawanya mwenyewe: ni kama watu 85 wanagombea kiti kimoja. Na msidhani mambo haya yameanza jana. Juni 2014 Idara ya Uhamiaji ilifanya usaili Uwanja wa Taifa pale Dar. Nafasi zilikuwa 70, waliojitokeza wakapita elfu kumi. Uwanja wa mpira ukageuka chumba cha mtihani.

Sasa hao 84 wanaokosa kila kiti mlitaka waende wapi? Wanarudi Vwawa, wanarudi Mlowo, wanarudi Tunduma, wanasubiri mkeka mwingine utoke. Maana kupanga nako siyo kodi ya mwezi tu. Chukua chumba cha mfano cha elfu 50. Mwenye nyumba anataka ya miezi sita, hiyo laki tatu mkononi. Bado dalali. Bado godoro, jiko la gesi, ndoo na pazia. Hapo hujanunua hata kilo moja ya unga.

Kuna wazee wanapenda kusema, "Wenzenu Ulaya wakifika miaka 18 wanaondoka kwao." Mzee wangu, shikamoo, lakini hiyo stori ni ya zamani kidogo. Takwimu za Umoja wa Ulaya za 2022 zinaonyesha kijana wa huko anaondoka kwao kwa wastani akiwa na miaka 26 na ushee, na kule Croatia anapita hata 33. Marekani nako, Julai 2020 wakati wa Korona, taasisi ya utafiti ya Pew ilikuta asilimia 52 ya vijana wa miaka 18 hadi 29 wanaishi na wazazi wao. Kwa hiyo tusiwasingizie Wazungu.

Mimi mfano ninaoupenda hauko mbali hivyo. Upo hapa hapa kwa majirani zetu Wanyakyusa wa Rungwe na Kyela, ambao Tunduma wamejaa tele. Miaka ya 1930 alikuja mtafiti mmoja, Monica Wilson, akaishi nao, na mwaka 1951 akatoa kitabu kuhusu vijiji vyao vya rika. Zamani mvulana wa Kinyakyusa akifika miaka kama 10 au 11 alikuwa anatoka kwa baba yake, anakwenda kujenga vibanda na wenzake, kijiji chao wenyewe. Mnaona? Amehama! Lakini chakula je? Walikuwa wanarudi kula kwa mama zao, tena kwa kundi, leo kwa mama wa huyu, kesho kwa mama wa yule. Shamba la baba wakawa wanalima. Halafu wakishakua na kuoa, ikafika siku ya sherehe kubwa, wazee wakawakabidhi vijana uongozi wa nchi na ardhi.

Angalia hapo kuna vitu vitatu: kula, kulima na kukabidhiwa. Kijana alikuwa anakula kwa mama bila kuinamisha kichwa, kwa sababu kila mtu alijua analima, na kila mtu alijua siku yake inakuja. Sisi tumebaki na kula tu. Kulima kumepotea upande wa vijana, kukabidhi kumepotea upande wa wazazi, halafu tunashangaa kwa nini chakula kinakwama kooni.

Naanza na sisi vijana, tusijipendelee. Kuna kaka mmoja, jina kapuni, ana miaka mitatu tangu amalize chuo. Asubuhi anafungua Ajira Portal, anaangalia, anafunga. Mchana anabishana kuhusu Simba na Yanga. Jioni anamwomba mama hela ya bando. Mama huyo huyo ana biashara ya nafaka, anabeba madebe ya mahindi mwenyewe, anaandika madeni kwenye daftari lililochanika, na wateja wanamkopa hawalipi. Kijana kasomea uhasibu! Ukimuuliza kwa nini hamsaidii bi mkubwa, anasema ataonekanaje. Ndugu yangu, umeshaonekana tayari. Bora uonekane na daftari la mama mkononi kuliko na rimoti.

Sasa upande wa pili, na hapa wazazi mnisamehe. Kuna mzee mmoja aliuza kahawa ya Mbozi msimu baada ya msimu kulipa ada ya mwanaye. Kijana alipomaliza akapata kazi kwenye ofisi ya wakala wa forodha pale mpakani. Mshahara mdogo, kazi yenyewe kukimbiza nyaraka na kusubiri mihuri. Mzee akawaka. "Yaani nimekusomesha ukashike makaratasi ya madereva?" Kijana akaacha kwa heshima. Mwaka umepita. Leo wageni wakija, mzee yule yule anawaambia mwanaye mvivu, hatoki ndani.

Hii naiona Songwe nzima. Mzazi alishatangaza mtaani kuwa mtoto wake atakuwa ofisa, kwa hiyo kazi yoyote isiyo na kiyoyozi inakuwa fedheha ya ukoo. Mtoto akiuza mitumba, mama anaona aibu. Akibadilisha hela mpakani, baba anasema huo uhuni. Akikaa ndani, wote wawili wanamsema. Jamani, mmemfungia mlango kwa funguo zenu wenyewe halafu mnauliza mbona hatoki!

Na hiyo kazi ya makaratasi wala siyo ya kudharauliwa. Kwenye mji wa mpaka, mtu anayejua mzigo unatokaje forodhani hana njaa. Kuna hata cheti cha Afrika Mashariki cha uwakala wa forodha, kinasomwa kupitia Chuo cha Kodi, na kusoma kwenyewe siyo miaka mitatu. Kijana aliyeanza kwa kukimbiza mihuri, akaunganisha na digrii yake, akapata na cheti hicho, miaka mitano baadaye ndiye mnayemwita bosi.

Halafu kuna dada zetu, na hawa ndio wanaoniuma zaidi. Mvulana akirudi kutoka chuo anapewa chumba cha uani chenye mlango wake. Anarudi saa sita usiku hakuna anayemuuliza. Msichana mwenye digrii ile ile anarudi kwenye chumba cha wadogo zake, na jua likizama awe ndani. Saa kumi na moja alfajiri kaamka: anafagia, anapika, anaogesha watoto wa kaka yake, mchana anakaa dukani kwa baba. Huyo analima kweli kweli, tena kuliko wote, lakini kwenye hesabu ya familia anaandikwa mzigo. Na swali analoulizwa ni moja tu: "Mchumba yuko wapi?"

Matokeo yake mnayaona. Kuna wanaokubali ndoa ambayo hata wao hawaiamini, ilimradi watoke pale nyumbani. Mume anakuwa tiketi. Kama binti yako anaendesha nyumba nzima na duka juu yake, mlipe, au angalau mtambue mbele za watu kuwa anafanya kazi. Ukimnyima hilo, usije ukashangaa akimkubali wa kwanza anayepiga honi nje ya geti.

Najua kuna wengine mnasema dawa ni moja: ondoka, kapange, ukakomae. Kwa mwenye kipato, sawa, na Mungu akubariki. Lakini tunawaona pia wanaohama kwa sifa. Geto limejaa taa za rangi, picha zinapendeza mtandaoni, kumbe kodi imelipwa kwa mkopo wa kausha damu. Miezi minne baadaye jamaa anarudi kwao usiku na godoro kichwani, na safari hii ana deni. Mwenzake aliyebaki nyumbani miaka miwili akaweka akiba hana picha za kuonyesha, ila ana mtaji.

Sasa tufanyeje? Kaeni kikao. Najua kwetu mtoto hamkalishi baba yake kumpa masharti, hiyo siyo adabu. Lakini unaweza kwenda na shikamoo yako, ukasema, "Baba, mama, naomba tuzungumze kuhusu kukaa kwangu hapa." Hakuna mzazi atakayekasirikia sentensi hiyo. Wengi wameisubiri miaka.

Kwenye kikao zungumzeni mambo yanayoshikika. Utafanya nini kila siku wakati unangoja ajira? Utachangia nini: umeme wa LUKU, maji, unga, au ada ya mdogo wako? Kama huna hata mia, utachangia kazi gani? Utakaa mpaka lini, na siku hiyo ikifika mtaangalia nini? Na mzazi naye aseme atakabidhi nini. Siyo lazima iwe mamilioni. Ekari moja ya shamba Mbozi au Momba kwa msimu mmoja, mahindi yakiuzwa hela iwe ya kijana. Meza moja mbele ya duka. Au ruhusa tu ya kufanya kazi bila kuambiwa anaitia familia aibu. Hiyo ya mwisho haina gharama, lakini ndiyo ngumu kuliko zote.

Vijana nanyi kumbukeni, halmashauri inatakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, na asilimia 4 ni ya vijana. Ilisimamishwa 2023, ikarudi 2024. Inatolewa kwa vikundi. Ukiwa nyumbani na wenzako watano mna digrii na muda wa kutosha, mnashindwaje kuandika andiko la mradi wakati chuoni mliandika ripoti za kurasa 60?

Watu wa Tunduma foleni tunaijua kuliko wengi. Zamani lori lilikuwa linakaguliwa upande wetu, likivuka linakaguliwa upya Nakonde, siku zinakatika. Oktoba 2019 nchi mbili zikafungua kituo cha pamoja: maofisa wa Tanzania na wa Zambia wakae mahali pamoja, wamalize kwa mara moja. Foleni haijafutika, tusidanganyane, lakini walau pande mbili zinaongea.

Nyie mko hatua moja mbele. Paa la pamoja mnalo tayari, na sufuria moja mnayo. Kilichobaki ni kuongea tu. Kwa hiyo wewe unayesoma hii umejilaza kwenye kochi la mama, leo ugali ukishaliwa usikimbilie simu. Osha vyombo kwanza, halafu urudi ukae nao.