Namba Ndogo Kwenye Kopo la Oili Inaua Injini za Karatu

Kuna imani imeenea siku hizi, kuanzia gereji za Karatu mjini hadi mashamba ya vitunguu kule Baray, kwamba oili ya injini kadiri inavyokuwa nyepesi ndivyo inavyokuwa bora. Kopo lililoandikwa 0W-20 linaonekana la kisasa, na la 15W-40 linaonekana la wazee. Mwenye Land Cruiser ya mwaka 1994 anaambiwa akimwaga ile nzito na kuweka nyepesi, gari litakuwa jepesi, dizeli itashuka, na asubuhi litawaka mara moja. Anakubali, analipa zaidi ya alivyozoea, na anaondoka akiamini ameitendea wema injini yake.

Hakuitendea wema. Ameifupishia maisha, na aliyemshauri hatakuwepo siku ya kulipia.

Imani hii imetoka kwenye magari madogo yanayotoka Japani yakiwa yametumika. Ukifungua boneti ya mengi ya yale yaliyotengenezwa miaka ya karibuni, mfuniko wa oili wenyewe umeandikwa 0W-20. Fundi anayaona kila wiki, anaona yanakwenda vizuri na yanakula mafuta kidogo, kisha anahitimisha kwamba siri ni oili. Hapo ndipo anapokosea. Lile gari linakula mafuta kidogo kwa sababu ni dogo, lina injini ndogo, na injini yenyewe iliundwa tangu siku ya kwanza kwa oili hiyo: nafasi kati ya vyuma ni finyu, beringi zimechaguliwa kwa kazi hiyo, pampu ya oili imepangwa kwa wepesi huo. Oili ni sehemu ya mchoro wa injini kama ilivyo pistoni. Huwezi kuichukua kwenye mchoro mmoja ukaiweka kwenye mwingine ukategemea matokeo yaleyale.

Na watengenezaji hawakukimbilia oili nyepesi kwa sababu injini zililalamika. Baada ya mgogoro wa mafuta wa 1973, Marekani ilipitisha mwaka 1975 sheria ya kuwalazimisha watengenezaji wapunguze wastani wa mafuta yanayotumiwa na magari wanayouza. Tangu hapo kila nusu ya asilimia ina thamani kwao, kwa sababu inahesabiwa kwenye mamilioni ya magari. Oili nyepesi ni njia rahisi ya kuipata nusu hiyo. Mwaka 2001 Ford iliingiza 5W-20 kwenye magari yake mengi ya soko la Marekani, na wengine wakazidi kushuka. Lakini soma vitabu vyao wenyewe. Toyota, kwenye vitabu vya magari mengi ya 0W-20, inaeleza kwamba oili yenye uzito wa juu zaidi inaweza kufaa kama gari linakwenda kwa kasi kubwa au linabeba mzigo mkubwa. Hayo yanasemwa na mtengenezaji juu ya injini mpya iliyoundwa kwa oili nyepesi. Sasa mtu wa Karatu, mwenye injini ya miaka thelathini na mzigo wa vitunguu mgongoni, anapata wapi ujasiri wa kushuka chini ya alichoandikiwa?

Tuingie ndani ya injini, maana huko ndiko ubishi unakoishia.

Krenkishafti haizungukii juu ya chuma. Inazungukia juu ya utando wa oili, mwembamba kuliko unywele. Kinachouinua mhimili mzito namna ile si presha ya pampu, kama wengi wanavyodhani. Pampu kazi yake ni kufikisha oili. Kinachoinua ni mzunguko wenyewe, unaoivuta oili na kuibana kwenye upenyo mdogo kati ya krenki na metali, yaani beringi zake, kama tairi linavyopanda juu ya maji gari likipita kasi kwenye lami iliyolowa. Mwingereza Beauchamp Tower aliligundua jambo hili kwenye majaribio ya mwaka 1883, na mwaka 1886 Osborne Reynolds akaandika hesabu yake. Hesabu hiyo haijabadilika: unene wa utando unategemea uzito wa oili, kasi ya mzunguko, na mzigo unaokandamiza. Uzito ukishuka, utando unakonda. Kasi ikishuka, unakonda. Mzigo ukiongezeka, unakonda.

Sasa fikiria Fuso lililojaa lumbesa za vitunguu likipanda kutoka bonde la Ziwa Eyasi kwenda Karatu. Ziwa liko kama mita 1,000 na kidogo juu ya usawa wa bahari, na Karatu iko karibu mita 1,500. Au fikiria gari la watalii, watu saba na mizigo yao, likitoka Mto wa Mbu kupanda ukuta wa Bonde la Ufa, kisha likiendelea hadi ukingo wa Ngorongoro, zaidi ya mita 2,200. Dereva hataki kushusha gia, injini inanguruma kwa mzunguko mdogo, kanyagio liko chini kabisa. Kasi ndogo, mzigo mkubwa, oili imechemka. Mawili kati ya yale matatu yameshaharibika kwa sababu ya mlima. La tatu, uzito wa oili, ndilo pekee lililokuwa mikononi mwa mwenye gari, naye amelitupa dukani.

Namba zipo. Kiwango cha SAE kinapima uzito wa oili ikiwa kwenye joto la nyuzi 150 na ikisagwa kwa kasi, hali inayofanana na ile ya ndani ya beringi. Oili ya 0W-20 inatakiwa ifikishe angalau 2.6. Ya 15W-40 inatakiwa ifikishe angalau 3.7. Ukishuka kutoka ya pili kwenda ya kwanza, unaweza kuwa umeondoa karibu theluthi moja ya ulinzi pale unapohitajika kuliko popote. Na hiyo ni oili mpya, ikitoka kwenye kopo. Baada ya wiki kadhaa dizeli kidogo inapenya kwenye ringi zilizochoka na kuichanganya, na viungo vinavyoipa uzito wake vinakatikakatika. Oili iliyoanza na akiba inahimili. Iliyoanza bila akiba haina pa kwenda.

Injini kuukuu ina tatizo lake jingine, ambalo injini mpya haina. Metali zimelika, nafasi imepanuka. Oili inayoingia inachuruzika pembeni kabla haijabanwa ikainua kitu. Ndiyo maana taa ya oili huanza kuchezacheza injini ikiwa moto na iko sailensa, na fundi anayejua kazi yake akiiona hiyo hakuulizi habari za kisasa, anakuuliza umeweka oili gani.

Shika metali iliyotolewa kwenye injini iliyonoki uiangalie vizuri. Mpya ina rangi ya kijivu, laini, haina alama. Hiyo ni tabaka ya juu, laini kwa makusudi, ili chembe ya uchafu izame humo badala ya kuchimba krenki. Iliyokufa ina madoa mekundu ya shaba katikati, upande ule uliopokea kishindo cha pistoni, kwa sababu tabaka ya juu imeondoka na ya pili imejitokeza. Pitisha ukucha kwenye krenki yenyewe: ukikwama kwenye mchirizi, basi ni safari ya Arusha kwenda kuichonga, kutafuta metali za saizi kubwa, gasketi, na kazi ya kushusha na kupandisha injini. Kwa gari la utalii likipatwa na hayo kati ya Juni na Oktoba, msimu umekwenda.

Kinachotolewa kama faida ni nini? Mafuta. Oili nyepesi inaweza kupunguza ulaji kwa asilimia moja au mbili, na mimi nitakubali mbili bila kubishana. Land Cruiser ya 1HZ, ile ya lita 4.2 isiyo na turbo, ikitumia lita 15 kwa kilomita 100, itaokoa lita 0.3. Kwa kilomita 10,000 za vumbi na makorongo, umepata lita 30. Hazijazi hata tangi. Weka hizo upande mmoja, weka krenki upande mwingine, uniambie nani amefanya biashara.

Hoja ya kuwaka asubuhi nayo haina miguu hapa kwetu. Namba iliyo mbele ya herufi W inahusu baridi, na baridi inayozungumzwa si ya Ngorongoro. Oili ya 15W inapimwa kuwashia injini kwenye nyuzi 20 chini ya sifuri. Ya 0W inapimwa kwenye nyuzi 35 chini ya sifuri. Asubuhi ya Julai pale ukingoni ina ukungu na inatetemesha meno, lakini haifiki hata karibu na hapo, na huko Baray, chini bondeni, watu wanalala milango wazi kwa joto. Tunanunua kinga ya barafu ya Siberia na tunailipa kwa utando wa oili tunaouhitaji saa nane mchana.

Wengine watasema kwamba injini inalika zaidi wakati wa kuwaka, kwa hiyo oili nyepesi inafika juu upesi. Kweli, kuwaka kuna ulikaji wake. Lakini pampu ya oili kwenye injini hizi ni ya meno, na kila ikizunguka husukuma ujazo uleule, iwe nzito iwe nyepesi, mpaka valvu ya presha ifunguke. Kwa joto letu, 15W-40 inafika kwenye krenki na kemshafti ndani ya muda mfupi sana. Kinachoichelewesha ni filta ya bei ya kutupa isiyo na valvu ya kuzuia oili isirudi chini usiku. Badilisha hiyo kwanza.

Kuna madhara mengine yanayokuja polepole, na kwa maoni yangu ndiyo yanayoua injini nyingi zaidi. Oili nyepesi inapita pale nzito ilipozuiwa: kwenye sili ya nyuma ya krenki, kwenye sili za valvu, kwenye ringi. Gari lililokuwa halili oili linaanza kula. Mwenyewe hajui, kwa sababu amezoea kupima mara moja kwa wiki. Kiwango kinashuka chini ya alama, gari linainama kwenye korongo, pampu inafyonza hewa. Siku injini inapogonga, lawama zinaenda kwenye dizeli chafu.

Nimeanza na magari, lakini Baray watu wanaishi kwa pampu. Injini ndogo za petroli za kuvuta maji ya vitunguu hazina pampu ya oili kabisa. Zina kijiko kidogo chini ya fimbo ya pistoni kinachorusha oili ndani ya nyumba ya injini, basi. Hazina rejeta, zinapozwa na upepo wa feni yake, na zinawashwa asubuhi zikazimwa jua likizama, zikiwa zimetua juani kando ya mfereji. Ndani yake mna oili isiyozidi lita moja, na inakuwa moto kuliko ya gari. Watengenezaji wake huelekeza 10W-30, au SAE 30 kwa nchi za joto. Kumimina humo mabaki ya kopo la 0W-20 la gari la mjomba ni kuiua pampu katikati ya msimu, vitunguu vikiwa bado vinahitaji maji. Na ulikaji wake hausikiki mapema, kwa sababu pampu yenyewe ina kelele.

Bodaboda niwaambie moja tu: oili ya pikipiki zenu inalainisha gia na klachi pia. Oili nyepesi ya gari dogo huwa na viungo vya kupunguza msuguano, na klachi ikiloweshwa navyo inateleza. Pikipiki nyingi za Kihindi zinataka 20W-40 au 20W-50, na tafuteni kopo lenye alama ya JASO MA.

Sisemi kila kitu kijazwe oili nzito. Kuna mafundi wa zamani wanaomimina namba 40 kwenye gari jipya lenye VVT-i, na hao nao wanaharibu, kwa sababu vijia vya oili vya injini zile ni vyembamba na mitambo yake inategemea oili ipite haraka. Kosa ni lilelile: kupuuza kilichoandikwa. Vitabu vya magari ya zamani havikutoa hata namba moja tu. Vilitoa chati ya joto, na kila uzito ukiwa na mstari wake, ili mtu wa nchi ya baridi na wa nchi ya joto kila mmoja achague panapomfaa. Wetu ni upande wa joto wa chati hiyo. Kama kitabu kimepotea, namba ya injini imegongwa kwenye bloku, na kwa namba hiyo chati inapatikana. Injini iliyochoka inaruhusiwa kupanda hatua moja ndani ya chati. Kushuka nje ya chati hakuruhusiwi, hata siku moja.

Inabaki hali moja. Uko Mang'ola, bondeni kule Ziwa Eyasi, kiwango kimeshuka chini ya alama, na duka lina kopo la nyepesi peke yake. Ongeza nusu lita, maana injini yenye oili pungufu iko kwenye hatari kubwa zaidi kuliko yenye mchanganyiko. Endesha kwa gia za chini, usiilazimishe mlimani, fika Karatu. Ukifika, imwage yote ingali moto, badilisha na filta, na kabla fundi hajafungua kopo jipya, lisome wewe mwenyewe.