Ndinga Kali, Sauti Haikamatiki! Rudisheni Kidude cha Kuzungusha

Kuna staa mmoja wa Bongo, jina kapuni, katupia klipu akiwa kwenye ndinga mpya. Ngoma inagonga, simu inaita, anataka kupunguza sauti. Macho yote kwenye skrini, kidole kinateleza, sauti ndiyo kwanza inapanda! Na gari linatembea. Vitufe vya sauti vipo kwenye usukani, hata havigusi. Watu wanacheka tu, ila hapo hakuna cha kuchekesha.

Jamani, kidude cha kuzungusha sauti hakikuwekwa kwa urembo. Mkono unakipata macho yakiwa barabarani. Skrini haina cha kushika, lazima uitazame. Honda walijaribu: Civic ya 2016 ikatoka bila kidude, madereva wakalalamika, Civic ya 2019 ikarudishiwa. Hao ni Honda, sembuse hizi skrini za bei poa zinazofungwa mtaani?

Sasa kuna kitu wengi hawakijui. Kidude cha redio za zamani kilikuwa na utepe wa kaboni ndani, sauti inapita humo humo, na ukizungusha sana kinagota. Cha kisasa kinazunguka bila mwisho kwa sababu sauti haipiti pale kabisa. Kazi yake ni kutuma mapigo ya umeme kwenye njia mbili, yamepishana kidogo. Chipu inaangalia njia ipi imetangulia, inajua umezungusha kulia au kushoto, halafu yenyewe ndiyo inapandisha au kushusha sauti.

Ndiyo maana kikiingia vumbi au kikichakaa vituko vinaanza. Unashusha, sauti inapanda. Unazungusha taratibu, inaruka mpaka mtoto anaamka siti ya nyuma. Chipu imesoma mapigo vibaya, basi.

Na hapa ndipo watu wanapigwa. Dada wa watu anaambiwa "redio imekufa hiyo, nunua nyingine", anatoa hela, kumbe redio nzima iko fiti na kilichokufa ni kadude kamoja. Fundi anayejua anakifungua, anakisafisha kwa spirei ya kontakti, ikishindikana anakitoa na kuchomelea kingine. Akikataa hata kukifungua huku ameshakutajia bei ya redio mpya, chukua gari lako nenda kwa mwingine.

Wadau, nani yamemkuta?